Mapango ya Ajanta: wale mafundi walichora kwa mwanga gani?

#1 Mtembezi_Pune
Wakuu, salaam. Niko Pune, India, kimasomo, mwaka wa pili sasa. Likizo ya Diwali tulijikusanya wanne, Watanzania wawili, Mkenya mmoja na Mrundi mmoja, tukapanda basi la usiku hadi Aurangabad. Kesho yake tukaenda Ajanta, kama kilomita 100 kutoka hapo. Nimerudi na swali ambalo mpaka leo linanikosesha usingizi.

Kwa ambao hamjafika: mto Waghora umekata bonde lililopinda kama kiatu cha farasi, na kwenye ukuta wa mwamba mafundi wa kale wamechimba mapango yapatayo 30. Haya si mapango ya asili. Ni kumbi za ibada na makazi ya watawa wa Kibudha: nguzo, milango, madirisha, hata vitanda vya mawe, vyote vimechongwa kwa tindo na nyundo ndani ya mwamba uleule. Machache ni ya karne ya 2 na ya 1 kabla ya Kristo, mengi ni ya karne ya 5 baada ya Kristo.

Pango namba 1 unavua viatu mlangoni. Ukiingia huoni kitu. Unasimama, macho yanazoea polepole, halafu dari inaanza kukujia: maua ya yungiyungi, bata, matunda, tembo anayekimbia. Ukutani kwa nyuma kuna Padmapani, mtakatifu wa Kibudha, ameshika ua la yungiyungi, kichwa kimeinama kidogo, macho yanatazama chini. Nilitazama vile vidole vya mkono na zile lulu za taji. Mstari mmoja, mwembamba, haujatetereka. Ukuta ule uko ndani kabisa, mwanga wa mlango unafika umechoka.

Swali: waliona vipi? Mwongozaji wetu alisema walitumia vioo kuleta jua ndani. Mimi sijaridhika. Wenye ujuzi njooni.

#2 Kibatari
Taa za mafuta, mkuu. Watu walikuwa na taa miaka elfu na elfu kabla ya hapo. Swali limekwisha.

#3 Mtembezi_Pune
@Kibatari masizi yako wapi? Kuchora dari nzima kwa taa ni miezi, pengine miaka. Nyumbani kwa babu kibatari kimoja kilitia weusi dari ya chumba ndani ya msimu mmoja.

#4 Bi_Mkunazi
Mwanangu Mtembezi, kibatari cha babu yako kilikuwa cha mafuta ya taa. Mafuta ya taa yanatoa moshi mzito. Mimi nimezaliwa Pemba, na mama alikuwa akiwasha utambi wa pamba ndani ya mafuta ya nazi siku ambazo mafuta ya taa hayapatikani. Moto wake mdogo na mtulivu, na moshi hauonekani ila ukiweka sahani juu yake. Wahindi wana mafuta ya ufuta na ya mbarika tangu zamani. Usipime taa zote kwa kibatari.

#5 Kibatari
Ahsante bibi, umenitetea na jina langu.

#6 FundiLipu
Nimepiga lipu miaka 22, Morogoro na Dodoma. Kabla ya mwanga, naomba tuzungumze ukuta, maana hapo ndipo kazi yenyewe ilipo. Ule mwamba ni mgumu na una mashimo madogo, haushiki rangi. Kwa hiyo walipiga lipu. Tabaka la kwanza udongo uliochanganywa na pumba za mpunga, nyasi na nyuzi za mimea, la pili laini zaidi, halafu juu kabisa mpako mwembamba wa chokaa kama ganda la yai. Wale mafundi waliacha alama za tindo makusudi ili udongo upate pa kung'ang'ania. Sisi tukikuta ukuta laini tunauchokoachokoa vilevile kabla ya kurusha mchanga na saruji.

Sasa ukuta ukishapakwa chokaa nyeupe, chumba hakiwi tena kile. Nendeni kwenye jengo ambalo halijapigwa lipu, ndani giza. Rudini siku chokaa imekauka, hamtaamini ni chumba kilekile. Mchoraji wa Ajanta alianza kazi ndani ya boksi jeupe. Mtembezi ameliona baada ya miaka 1500, limechorwa lote na limefifia.

#7 Mtembezi_Pune
@FundiLipu hilo la boksi jeupe sikulifikiria kabisa. Ahsante sana.

#8 KakaWaKisauni
Hizo ni freski kama zile za Italia? Nimesoma mahali kwamba rangi ilipakwa chokaa ikiwa mbichi.

#9 FundiLipu
@KakaWaKisauni hapana, na tofauti ni kubwa. Freski halisi rangi inaingia kwenye chokaa mbichi, chokaa ikikauka inaifunga rangi ndani yake. Ajanta walisubiri ukuta ukauke, wakachora na rangi iliyochanganywa na gundi. Faida yake unachora taratibu, ukikosea unarekebisha. Hasara yake rangi imekaa juu juu, ikiguswa na unyevu au mkono inatoka. Ndiyo maana usiiguse hata kwa ncha ya kidole.

#10 KakaWaKisauni
Nimeelewa. Basi nami nitoe langu. Mwaka juzi nilimpeleka mzee wangu Mumbai kwa matibabu, tukakaa wiki sita. Siku za kusubiri majibu ni nzito, kwa hiyo mzee alipopata nafuu kidogo nilimchukua twende Kanheri, yale mapango yaliyo ndani ya msitu wa hifadhi hapohapo mjini. Ni zaidi ya 100. Michoro karibu yote imeondoka, lakini kilichomvutia mzee ni maji. Kila pango lina mfereji uliochongwa juu ya mwamba unaoteremsha mvua mpaka kwenye birika la mawe. Mzee alifanya kazi ya maji maisha yake yote. Alikaa kwenye ngazi akifuatilia mifereji kwa fimbo, inatoka wapi, inaingia wapi, akaniambia "hawa walijua masika yao." Ndiyo mara ya kwanza nilimwona akitabasamu tangu tuondoke Mombasa.

Kuhusu vioo: kule mlinzi mmoja alichukua bamba la bati linalong'aa akalielekeza jua ndani ya ukumbi mkubwa. Ukuta wa nyuma uliwaka kama mchana. Kwa hiyo mimi niko upande wa mwongozaji wa Mtembezi.

#11 Mwamba_Mgumu
Nimesomea jiolojia. Mwamba ule ni basalti, lava ya volkano zilizotapika Deccan, uwanda wa juu wa India, miaka kama milioni 66 iliyopita, tabaka juu ya tabaka. Ndiyo maana jimbo hili la Maharashtra limejaa mapango ya kuchonga: mwamba mpana, wenye tabaka za kulala, unaokubali chumba kikubwa bila kuporomoka. Mara nyingi unakubali, si kila mara. Nenda pango la 4 Ajanta, ndilo kubwa kuliko makazi mengine yote ya watawa pale, utaona dari walikutana na ufa na sehemu ikaanguka.

Kuhusu uchimbaji, mapango yasiyomalizika ndiyo yanayofundisha. Pango la 24 limeachwa katikati ya kazi. Wanaanzia juu, kwenye dari, wanashuka. Wanapasua vichochoro virefu kwenda ndani, wanaacha kuta za mawe katikati, halafu zile kuta ndizo zinakatwa kuwa nguzo. Hakuna jukwaa la kupandia, unasimama juu ya mwamba ambao hujauchimba bado. Na hapa nafikiri kuna jibu lingine la swali la mwanga: dari ilimalizika mapema, ikiwa karibu na sakafu ya muda.

#12 FundiLipu
@Mwamba_Mgumu uchongaji sawa. Lipu na rangi haziwezi kupigwa wakati vumbi na vipande vya mawe vinaruka chini yako. Kazi ya rangi inakuja mwisho, fundi yeyote atakwambia. Kwa hiyo waliochora dari walipanda jukwaa.

#13 Mwamba_Mgumu
Hapo umenipata. Naondoa hoja ya dari, ya vichochoro inabaki.

#14 Chifu_Msafiri
Historia kidogo wadau. Mapango haya yaligunduliwa mwaka 1819 na ofisa Mwingereza, John Smith, akiwinda chui milia. Aliona mlango wa pango ng'ambo ya mto. Kabla ya hapo hakuna aliyeyajua kwa zaidi ya miaka 1000.

#15 Mwalimu_wa_Jioni
@Chifu_Msafiri tarehe na jina sawa, neno "yaligunduliwa" nalikataa. Wenyeji wa vijiji vya jirani waliyajua, walipita pale na mifugo. Na karne ya 7 Xuanzang, mtawa wa China aliyezunguka India, aliandika habari za nyumba ya watawa iliyochongwa mlimani yenye tembo wa mawe pande mbili za lango. Nenda pango la 16 leo, tembo wale wapo kwenye ngazi za chini.

Alichofanya Smith ni kuchonga jina lake na tarehe, 28 Aprili 1819, kwenye nguzo ya pango la 10, juu ya mchoro. Jina liko juu ya kichwa cha mtu, kwa sababu siku ile alisimama juu ya kifusi kilichojaza sakafu. Nimefundisha historia sekondari karibu maisha yangu yote, na tumelisikia neno hili "kugundua" kwenye Mlima Kilimanjaro na Ziwa Victoria. Wachaga walikuwa wanautazama mlima wao kila asubuhi.

#16 Chifu_Msafiri
Mwalimu, nimekubali. Nitasema "alifikishwa".

#17 Bint_Seyyid_Muscat
Mkizungumza Aurangabad msisahau nani aliujenga mji. Ni Malik Ambar, Mhabeshi, aliyezaliwa Ethiopia karibu mwaka 1548, akauzwa utumwani zaidi ya mara moja, akafika Deccan na akaishia kuwa mtawala halisi wa dola ya Ahmadnagar aliyewasumbua Wamughal, watawala wa kaskazini mwa India, miaka na miaka. Mwaka 1610 alijenga mji wa Khadki na kuuwekea mifereji ya maji ya chini kwa chini. Baadaye ukaitwa Aurangabad, na tangu 2023 jina lake rasmi ni Chhatrapati Sambhajinagar. Kaburi lake liko Khuldabad, kilomita chache tu kutoka mapango ya Ellora. Nilikwenda na mume wangu, tukasoma Fatiha. Hapakuwa na mtu mwingine. Mabasi ya watalii yanapita barabarani kwenda Ellora bila kusimama.

#18 Mtembezi_Pune
Dada, nimepita Khuldabad na sikujua! Nimekaa miaka miwili kwenye jimbo hili nikiulizwa kila siku "unatoka Afrika gani", kumbe aliyejenga mji ule ni Mwafrika. Nitarudi nishuke.

#19 Kijana_Turbo
Ellora ndiyo kiboko. Lile hekalu la Kailasa, pango la 16, mtawa mmoja wa Kibudha hawezi kulimaliza hata kwa miaka 300. Mwamba mzima umechongwa kutoka juu kwenda chini. Mimi nasema kuna mkono wa viumbe kutoka nje ya dunia hii.

#20 Mwalimu_wa_Jioni
Kijana, mambo mawili. Kwanza, Kailasa ni la Kihindu, la Shiva, karne ya 8, na mfalme anayehusishwa nalo ni Krishna wa Kwanza wa Rashtrakuta. Ellora ina mapango 34: la 1 hadi la 12 ya Kibudha, la 13 hadi la 29 ya Kihindu, la 30 hadi la 34 ya Kijaini, na yote yako kwenye mteremko mmoja. Pili, alama za tindo ziko kila mahali. Umewahi kuona picha za Lalibela kule Ethiopia? Makanisa 11 yamechongwa kutoka juu kwenda chini vilevile. Ukimpa sifa kiumbe wa angani unamnyang'anya fundi ujira wake.

#21 FundiLipu
Mwalimu, hapo umesema kwa niaba yetu.

#22 Kijana_Turbo
Sawa, nimerudi duniani. Ila mtu ajibu: kwa nini waliacha? Ajanta mapango mengi hayajamalizika. Watu hawatoki kwenye kazi nzuri namna ile bila sababu.

#23 Mwalimu_wa_Jioni
Hapa wataalamu wenyewe wanavutana. Mmarekani Walter Spink, aliyeitafiti Ajanta zaidi ya miaka 50, alisema karibu kazi yote ya awamu ya pili ilifanyika ndani ya miaka kama 20, kati ya 460 na 480, chini ya mfalme Harishena wa Vakataka. Waliolipia ni wakubwa wa dola: waziri Varahadeva aligharamia pango la 16 na ameacha maandishi. Harishena akafa ghafla, dola ikasambaratika, fedha zikakatika, mafundi wakaondoka. Kwa Spink, ndiyo maana unakuta sanamu upande mmoja zimekamilika na upande wa pili ni jiwe tupu.

Wengine hawakubali. Wanaona muda huo ni mfupi mno, na kwamba kazi iliendelea hadi karne ya 6 au zaidi.

#24 Mfanyabiashara_Kariakoo
Mimi naliangalia kibiashara. Watawa hawa hawakulima. Walikula kwa sadaka za wapita njia, na mapango mengi ya Deccan yako kando ya njia za misafara inayoteremka pwani. Kule Karla, kati ya Mumbai na Pune, maandishi kwenye mawe yanataja waliotoa: mwenye fedha aitwaye Bhutapala, muuza manukato, na watu wanaojiita Yavana, jina walilopewa Wagiriki na wageni wa magharibi. Njia ikihama, sadaka inahama. Nimeona mitaa hapa Dar ikifa kwa sababu kituo cha daladala kimehamishwa mita 300. Ellora ilianza kushamiri baada ya Ajanta kunyamaza. Jumlisheni wenyewe.

#25 Mwamba_Mgumu
Nami naongeza ya tatu: nyufa na maji. Mwamba ukikutana na tabaka bovu, kazi ya miaka inapotea. Si kila pango lililoachwa liliachwa kwa sababu ya mfalme.

#26 Bi_Mkunazi
Na waliobaki walibaki. Msidhani wote waliondoka siku moja kama basi. Xuanzang karne ya 7 alisikia habari zake, na pango la 26 kuna maandishi ya enzi za Rashtrakuta. Mahali pa ibada hapafi mara moja, hata mfadhili akiondoka atabaki mzee mmoja wa kuwasha taa.

#27 Useremala_Lamu
Mfanyabiashara umetaja Karla ukanigusa moyo. Mimi ni seremala, mtoto wa seremala. Nilipitishwa pale na rafiki, nikaingia ule ukumbi mkubwa, nikatazama juu. Boriti! Mbao halisi, zimepindwa kufuata dari, zimekaa pale takriban miaka 2000. Na hazibebi kitu, dari ni mwamba. Walitoka kwenye majengo ya mbao, wakaanza kuchonga mawe, lakini jicho lao lilikuwa bado linataka kuona boriti, basi wakaziweka. Ellora pango la 10 wamekwenda mbele zaidi, boriti zenyewe ni za mawe, wenyeji wanaliita kibanda cha seremala. Nilikaa chini pale nikakataa kuondoka. Rafiki yangu alidhani naumwa.

#28 Mtembezi_Pune
Wadau uzi umekuwa mtamu kuliko nilivyotarajia, ila mwanga wangu mmeutupa wapi?

#29 Lanzhou_hadi_Ubungo
Nauleta kutoka upande mwingine. Nilisoma Lanzhou, China, na nilikwenda Dunhuang mara mbili. Mapango ya Mogao yenye michoro na sanamu ni 492, pembeni mwa jangwa. Kule mwamba ni changarawe iliyoshikamana, ukiuchonga sanamu unabomoka, kwa hiyo sanamu wamezifinyanga kwa udongo juu ya miti na nyasi. Ndani giza kuliko Ajanta, kwa sababu mengi yana mlango mmoja tu. Huingii peke yako. Kwanza unaonyeshwa filamu kwenye kituo, halafu basi, halafu mwongozaji mwenye tochi anawafungulia mapango machache na kuyafunga tena. Idadi ya watu kwa siku ina ukomo, kupiga picha ndani ni marufuku.

Sasa, huyo mwongozaji alituzimia tochi. Kama dakika nane hivi tulisimama kimya. Mwanzo weusi mtupu. Halafu nikaanza kuona uso wa sanamu, halafu vazi, halafu mstari wa rangi ya samawati ukutani. Nadhani tunasahau macho ya watu wasiokuwa na umeme. Wao hawakutoka kwenye mwanga wa simu kuingia pangoni.

#30 Mwalimu_wa_Jioni
Hoja nzuri. Na ile samawati, kwa Ajanta, ina safari yake. Nyekundu na njano ni udongo wa hapohapo, nyeusi ni masizi ya taa, nyeupe chokaa na udongo mweupe, kijani ni jiwe linalopatikana kwenye basalti ileile. Samawati peke yake ilitoka mbali, ni jiwe la lapis lazuli kutoka Badakhshan, Afghanistan ya leo. Kwenye michoro ya zamani ya mapango ya 9 na 10 haipo, kwenye awamu ya karne ya 5 ipo.

#31 Kibatari
Mmesikia? Nyeusi yenyewe ni masizi ya taa. Kwa hiyo taa zilikuwepo na masizi yalivunwa! @Mtembezi_Pune uliniuliza yako wapi: yako kwenye nywele za Padmapani.

#32 Mtembezi_Pune
Mkuu Kibatari, leo umenishinda kihalali.

#33 KakaWaKisauni
Bado vioo vyangu havijavunjika. Mwanga wa nyongeza mchana, taa jioni, kwani kuna ubaya?

#34 Mkolo
Mimi natoka Kolo, Kondoa. Michoro yetu ya miambani iko wazi, chini ya vivuli vya majabali, jua linaingia lenyewe, na ilipata hadhi ya urithi wa dunia 2006. Ajanta na Ellora walipata 1983. Kinachonisikitisha kwetu na kwao ni kimoja: watu wanamwagia maji michoro ili ing'ae kwenye picha. Nimekua nikiona hivyo. Kila mmwagio unaondoka na kitu.

#35 Bibi_Makavazi
@Mkolo umegusa kidonda. Nilifanya kazi ya kuhifadhi nyaraka na picha mpaka nilipostaafu, na kisa cha Ajanta huwa kinaniuma. Mwaka 1844 Robert Gill alipewa kazi ya kunakili michoro ile. Alifanya kwa miaka karibu 20, nakala zikapelekwa London, na karibu zote ziliungua kwenye moto wa Crystal Palace mwaka 1866. John Griffiths wa shule ya sanaa ya Bombay akaanza upya na wanafunzi wake, 1872 hadi 1885. Nakala zao nyingi nazo ziliungua London mwaka 1885. Wajapani wakanakili, kazi yao ikapotea kwenye tetemeko la Tokyo la 1923.

Halafu miaka ya 1920 Nizam, yaani mtawala wa Hyderabad, aliwaleta mafundi wawili wa Kiitaliano kuiokoa michoro yenyewe. Wakapaka vanishi ya shelaki. Siku ile iling'aa. Miaka ilivyokwenda vanishi ikageuka njano na kahawia, ikanasa vumbi, ikaanza kubanduka na rangi chini yake. Wahifadhi wa India wametumia miongo kuiondoa, kipande kwa kipande. Kuanzia 1999 timu ya Rajdeo Singh ilisafisha mapango ya 9 na 10, na chini ya uchafu zikatoka sura za watu ambazo hakuna aliye hai aliyekuwa amewahi kuziona.

Kwa hiyo Mtembezi, giza uliloliona si la pangoni tu. Sehemu yake ni shelaki, mikojo ya popo, na moshi wa watu waliowahi kupika mle ndani.

#36 FundiLipu
Bibi, hili lingewekwa kwenye ukuta wa kila ofisi ya ukarabati. Hata sisi tunaitwa kupaka rangi ya mafuta juu ya chokaa ya zamani. Ukuta unahitaji kupumua. Ukiuziba, unaoza kwa ndani.

#37 Kijana_Turbo
Kuna kitu nimekisoma kuhusu bangi kwenye kuta za Ellora, ni kweli au porojo?

#38 Mwamba_Mgumu
Ni kweli. Mwaka 2016 watafiti wawili wa India walichapisha kazi wakionyesha nyuzi za mmea wa bangi kwenye lipu ya Ellora. Wanadhani zilisaidia kuzuia wadudu na kudhibiti unyevu, na wanalinganisha na Ajanta ambako wadudu wamekula sana lipu yenye pumba na nyasi.

#39 Bi_Mkunazi
Turbo, ni ya ukutani hiyo.

#40 Mama_Ratiba
Ahsanteni wote, mimi nakwenda Februari na binti yangu. Nimepanga Ajanta Jumatatu na Ellora Jumanne. Nishaurini.

#41 Mtembezi_Pune
Mama, geuza haraka! Ajanta hufungwa Jumatatu, Ellora hufungwa Jumanne. Ukigeuza tu, Ellora Jumatatu na Ajanta Jumanne, umepona. Gari linakuacha chini kwenye maduka, unapanda basi lao kilomita 4 hivi hadi langoni. Kuna ngazi nyingi, magoti yakisumbua wapo wabebaji wa viti. Viatu vyepesi vya kuvua, soksi nzito, maji. Flashi hairuhusiwi. Na usiishie pango la 17, watu huchoka hapo wakarudi. Nenda hadi la 26 ukamwone Buddha aliyelala, sanamu ya kama mita 7, na watu wanaomlilia wamechongwa chini yake mmoja mmoja.

#42 Bint_Seyyid_Muscat
Na Mama, siku ya Ellora mwambie dereva apite Khuldabad, dakika kumi na tano zinatosha.

#43 Mama_Ratiba
Nimeandika yote. Malik Ambar nimemwekea mstari wa pili kalamu nyekundu.

#44 Lanzhou_hadi_Ubungo
Nani yuko karibu na Ajanta sasa hivi? Ningependa mtu ajaribu lile la kuzoesha macho, bila tochi, ahesabu dakika.

#45 Mrundi_wa_Pune
Ni mimi, yule Mrundi wa safari ya Mtembezi. Dada yangu amenitembelea, tuko kwenye basi kwenda Ajanta leo. Tutaingia la 1 na la 17 saa tano asubuhi. Nitasimama bila taa na saa mkononi, naye atatazama tena alasiri nitakapokuwa la 26. Kuna la kuzingatia?

#46 Mtembezi_Pune
La 17 usiingie moja kwa moja. Simama kwanza barazani upande wa kushoto, kuna mabaki ya gurudumu la maisha, yatazame mpaka uone watu waliomo ndani yake. Halafu ingia. Na simu iache mfukoni, hata saa usiitazame mara kwa mara, mwanga wake utakurudisha mwanzo.

#47 FundiLipu
Dada yako atazame sakafu pia, aone kama jua la mlangoni linadunda juu ya mawe kwenda darini. Sakafu kavu ya mwamba mweusi haidundishi sana. Nataka kujua kama waliwahi kutandika kitu cheupe.

#48 Mrundi_wa_Pune
Sawa. Tumeshafika kwenye maduka, tunabadilisha basi.